Ukurasa wa 84

Jumatatu, 5 Mei
Ninaandika daftari hili kwa sababu msimamizi wangu ameagiza nihifadhi kumbukumbu za siku hizi kumi za mwisho, na kwa sababu ninakusudia kuwa mtu ambaye kumbukumbu zake zitatafutwa. Utetezi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Tasnifu: namna walinzi wa soko wanavyowaadhibu washukiwa wa wizi. Wahojiwa saba. Sura ya nne imerudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Watu wako hawana nyuso."
Nitawapa nyuso.

Jumatano, 7 Mei
Ukurasa wa 84 umekamilika. Sijawahi kuandika vizuri hivi. Mhojiwa wa Saba, fundi viatu wa lango la pili, asiye na kidole gumba cha kushoto, anaeleza jinsi kijana mmoja alivyopigwa kwa mpini wa jembe hadi taya likaning'inia. Kijana aliomba maji. Alimwagiwa usoni, akapigwa tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa maiti. Simu aliyodaiwa kuiba ilikutwa kwenye kapu la mwenye simu. Aliyeshika mpini: mkuu wa walinzi.
Jina la fundi sijaliandika popote katika tasnifu. Maadili ya utafiti nimeyazingatia kikamilifu.

Ijumaa, 9 Mei
Nilipeleka kazi kwa mchapaji ijalidiwe, nakala sita. Niliporudi kuzichukua nilimkuta anawasomea wateja.
"Msomi, hii yako tamu kuliko gazeti. Huyu wa gumba si jirani yetu wa lango la pili? Kumbe mzee ana mdomo!"
Walicheka. Nami nilicheka. Ni nani aandikaye asiyefurahi kusomwa?

Jumatatu, 12 Mei
Fundi yuko hospitali.
Walimfuata jana mchana, watu wanne, soko limejaa. Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya chuma chake cha kugongea visigino, wakatumia nyundo yake mwenyewe. Kidole kimoja kimoja. Gumba walilibakiza la mwisho — ili mikono ifanane, mmoja alisema. Kisha wakachukua sindano ya kushonea ngozi wakamfunga midomo. Mishono mitatu, uzi uleule wa viatu. Polisi walifika. Mkuu wa walinzi ndiye aliyewaletea viti.
Mke wa fundi hakunifokea. Alinisogezea stuli, kama siku ile waliponikaribisha kibandani.
"Jina hukuandika, baba," alisema. "Uliandika kila kitu kingine."
Nilikwenda chooni. Nilinawa. Nilirudi kumuaga.

Jumanne, 13 Mei
Nilimwomba msimamizi tuuondoe ukurasa wa 84. Alisema ukitoka, sura ya nne inaanguka, nami nitatetea mwakani. "Na mwakani mimi sipo."
Mama alipiga simu: nguo ya mahafali imeshashonwa, na shangazi ananiita profesa tangu sasa. Sikumweleza.
Ukurasa umebaki.

Alhamisi, 15 Mei
Nimefaulu. Alama ya juu kabisa. Mtahini wa nje aliusoma ukurasa wa 84 kwa sauti, akasita penye neno "taya", akavua miwani. "Hapa nimemwona mtu," alisema. Nilishukuru kwa sentensi tatu nilizokuwa nimeziandaa.

Saa nane mchana simu ililia. Mkuu wa walinzi. Sauti ya upole, kama ya mjomba. Hongera, msomi wetu. Kazi tumeisoma, mchapaji alitutolea nakala. Huyo wa saba tumeshaonana naye. Bado wa kwanza mpaka wa sita. Uje na majina yao uturahisishie. Usipokuja tutaendelea kusoma wenyewe — na vijana wangu wakisoma, hukosea mtu.

Nimefungua ukurasa wa 61. Mhojiwa wa Pili: muuza mayai, mjamzito, hucheka akiziba meno kwa kiganja. Sentensi hii niliifuta na kuiandika upya mara nne ili imkae sawasawa.

Majina sita yako kwenye droo, yamepangwa kwa alfabeti. Sijayachoma. Sijayatoa.

Miadi aliyonipa mkuu wa walinzi ni kesho, Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye kibanda cha fundi. Amesema stuli ipo.