Tumegawana Masomo Kama Zege

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla kichwa hakijapasuka. Mimi ni kibarua wa ujenzi, shule niliiacha mapema, nyumbani ni mbali, na jioni nasomea cheti cha uashi maana nikikipata kuna kazi karibu na mke wangu na watoto, nami nimechoka kuwaona kwenye simu tu. Peke yangu nilikuwa nikifungua kitabu nalala juu yake mdomo wazi, lakini tulipoanza kusoma kwa kikundi, vibarua wanne chumba kimoja, usingizi ulikimbia, tunacheka, tunabishana, na hesabu za vipimo zilizonishinda tangu utotoni mwenzetu tunayemwita Mrefu alinieleza kwa kupanga matofali nikaelewa. Shida ilianza mtihani ulipokaribia, tukaona twende haraka, tugawane masomo kama tunavyogawana zege, huyu anachanganya, yule anabeba, basi Mrefu akachukua hesabu, Mzee Kofia usalama, Bubu, ambaye hanyamazi, michoro, mimi saruji na mchanga. Juzi mwalimu akaniuliza habari za usalama wa ngazi na kamba, nikamjibu kwa moyo safi, "Mwalimu, hilo ni la Mzee Kofia." Darasa likaangua kicheko. Akasema, "Na kwenye mtihani mtakaa kiti kimoja?" Nikawaambia wenzangu tubadilishe. Bubu akasema, "Ndugu, umeanza ubosi hata cheti huna?" Sasa niwaache nikalale juu ya kitabu, au nibaki tufeli kwa furaha?

*

Ndugu kibarua, nimecheka, sasa tuseme ukweli. Kikundi hakina kosa, kosa ni mgawo wenu. Mwenzako akila, wewe hushibi. Wala usijidanganye kwamba ukijitenga utasoma, umesema mwenyewe unalala mdomo wazi.

Leo jioni waambie hivi: kila mtu aisome mada kwanza peke yake, hata ukurasa mmoja wakati wa mapumziko ya mchana. Mkikutana, Mzee Kofia afundishe usalama, kisha wewe uurudie kwa maneno yako, naye afunge mdomo asikilize. Kesho fundisha saruji, Bubu arudie, maana mdomo anao. Porojo baada ya kusoma, si katikati. Anayekuita bosi mwache akuite, jina halichubui ngozi. Wakikataa, chukua kitabu ukasome umesimama, usingizi ukizidi nawa uso. Wapende hivyo hivyo, lakini cheti huandikwa jina la mtu mmoja, na mkeo hangojei wanaume wanne mlangoni.