Mwalimu Kwenye Kitanda cha Kuzalia

Bunia, mtaa wa Lumumba

Yaya Eliza, dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote, msogezee kiti huyo binti aliyekuletea barua hii, mpe maji ya kunywa, na usimruhusu aondoke kabla hujafika mwisho. Sababu utaiona mwenyewe.

Habari za huko Mahagi? Mama anakunywa dawa yake ya presha, au bado anaificha chini ya godoro akisema amepona? Shemeji aliniambia kwa simu kwamba mmeezeka nyumba upya tangu mliporudi kutoka kambi ya wakimbizi. Nilifurahi, ingawa mimi neno amani bado nalitamka polepole. Hapa Bunia tuko salama. Pikipiki zinapiga honi kutwa, soko limejaa, magari ya walinda amani yanapita. Lakini kila nyumba ina mfuko uliofungwa tayari chini ya kitanda, hata yangu.

Shemeji aliniambia na jambo lingine: mimba yako imekuwa kubwa, na umeapa hutakanyaga kituo cha afya. Yaya, tangu siku hiyo silali vizuri. Najua kwa nini umeapa. Mara iliyopita ulitoka shambani na uchungu, ukafika kituoni kwa miguu, na muuguzi akakupokea kwa matusi mbele ya watu kwa sababu ulichelewa na nguo zako zilikuwa na matope. Ukageuka ukarudi nyumbani, na mtoto hatukumpata. Tangu wakati huo sijawahi kukuandikia juu ya jambo hilo. Leo naandika kwa sababu limenikuta na mimi. Usicheke. Au cheka, lakini endelea kusoma.

Unajua kazi yangu ni kufundisha wauguzi na wazalishaji wa akina mama. Miaka yote tulifundisha kwa imla: mimi nasoma, wao wanaandika, siku ya mtihani wananirudishia maneno yangu. Sasa programu mpya ya mafunzo imetoka Kinshasa. Inataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya mbele ya mgonjwa, siyo kwa alichokariri. Vizuri sana, lakini mgonjwa tutamtoa wapi? Huwezi kumtumia mwanamke mwenye uchungu wa kweli kwa mtihani. Nikaenda kwa wamama wa kwaya, nikaomba mmoja wao aigize. Walikataa wote.

"Siye hatuwezi kucheza na mimba, mwalimu," kiongozi wao aliniambia. "Ukiiita kwa muchezo, inakuja na mubaya yake."

Nikamkumbusha kwamba kila Noeli wanaigiza Mariamu na tumbo lake.

"Ile ni mimba ya Mungu! Hii ingine, lala weye mwenyewe."

Basi nikalala. Yaya, mimi mdogo wako, na ndevu zangu hizi, nilifungwa mto wa kulalia tumboni, nikavaa kitenge cha mke wangu, nikaingia darasani nikishika kiuno. Wanafunzi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka. Anaitwa Rebeka, na ndiye wa kwanza katika darasa lake.

Rebeka akavaa glovu. "Weye mama, ulikuwa wapi mupaka saa hii?" akasema bila kunitazama. "Panda ku kitanda. Fungua kitenge. Haraka!"

Nikapanda. Akapima presha, akasikiliza mtoto ndani ya mto, akagusa kila mahali panapotakiwa, kwa mpango unaotakiwa. Hakukosea kitu. Na mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimelala natazama dari kwa aibu. Nilitaka kuomba kwenda chooni, nikaogopa. Ndipo nilipokuona, yaya. Nilikuona umesimama pale mlangoni na matope yako.

Walimu tulipokaa kutoa alama, mkuu wetu alitaka Rebeka awe wa kwanza. Mimi nikasema arudie.

"Juu ya nini arudie?" mkuu akauliza.

"Hakunisalimia."

Akacheka. "Sasa salamu inasimamisha damu?"

"Mama akikimbia, mukubwa, hiyo damu utaisimamisha wapi?"

Alivua miwani akaifuta, kisha akakubali mtihani urudiwe.

Rebeka alilia kwa hasira. Nilimuuliza nani alimfundisha kumkaripia mama mwenye uchungu. "Ni mu staji ya hospitali, mwalimu," akasema. "Bakubwa banasema bamama, ukibachekea, habakusikie." Sikuweza kumlaumu. Sisi tunaandika maneno mazuri ubaoni, kisha tunawapeleka wodini, na wodi inawafundisha mengine. Nasikia dunia nzima wanabadilisha mafunzo ya watu wa afya. Sijui wenzetu wanaanzia wapi. Mimi nilianzia kwenye ule mto.

Niliufungua, nikamfunga Rebeka tumboni, nikamwambia alale. Wenzake wakaingia mmoja mmoja, wakamfanyia kama alivyonifanyia. Haikupita muda, akainuka akaukumbatia mto. "Mwalimu, inaogopesha," akasema. Tangu siku hiyo, katika darasa langu kila mwanafunzi analala kitandani kwanza kabla hajavaa glovu.

Aliporudia mtihani, mimi nikiwa kitandani tena na mto wangu, alisimama mlangoni, akanisalimia, akauliza nani amenisindikiza na kama nimekula. Akanifunika miguu. Mkuu anasema niliinuka pale na machozi. Ilikuwa vumbi la chaki.

Kituo chenu kiliomba mzalishaji, maana yule muuguzi alishahama. Rebeka, aliyefaulu mtihani, amekubali kuja, ingawa barabara ya huko wengi bado wanaiogopa. Huyo binti uliyemsogezea kiti ndiye yeye. Hajui habari ya mtoto wako. Hiyo utamwambia wewe, ukitaka. Sikuombi umsamehe yule wa kwanza. Nakuomba umruhusu huyu akupime leo, hapo hapo nyumbani, na siku ya uchungu ikifika, umfuate. Naogopa, yaya. Sina dada mwingine.

Nisalimie Mama, na umwambie dawa ile siyo ya godoro. Nisalimie shemeji, shangazi Marta aliyetulea, na katekista aliyenifundisha kusoma. Mke wangu anakukumbatia, na anadai kitenge chake kimetanuka.

Sasa kumbuka vizuri binti huyo alivyoingia uani kwako. Kama alikupa barua kabla ya kukujulia hali, mrudishe Bunia na gari lile lile lililomleta. Mto bado ninao.

Mdogo wako anayewangoja wewe na mtoto,

Zakaria