Ng'ombe wa Machozi na Ng'ombe wa Gloriose

Kimanga, Uvira
Siku ya Mungu, 20 Novemba 1966

Mpendwa mdogo wangu Semana Pierre,

Ng'ombe wetu wote wa kule juu milimani walichukuliwa na waasi mwezi wa pili mwaka huu. Hakubaki hata ndama. Naanza na hilo kwa sababu nilikuandikia mwezi wa tatu, nikakuandikia tena mwezi wa saba, na sijui ni barua gani iliyokufikia. Kama ulikwisha kujua, basi sasa umejua mara mbili.

Nikusalimie sasa kama inavyofaa. Amani ya Bwana iwe nawe. Je, uko muzima? Kile kikohozi kimekuacha? Kazi ya reli inaendelea? Mimi niko, kwa neema. Mwili hauna neno, ila goti la kushoto limekataa milima, na kwa kuwa huko juu sina tena cha kufuata, nimeliacha lipumzike. Gloriose, mtoto wako, ni mzima kabisa. Ulimwacha ananifika kiunoni. Leo akisimama mlangoni pa duka ananizibia mwanga.

Barua hii naipeleka posta kesho, nikiwa na wasiwasi. Mara ya mwisho karani alisoma bahasha akacheka. "Albertville? Mzee, Léopoldville imekuwa Kinshasa. Na hiyo yako watabadilisha tu. Ngoja kwanza, usipoteze wino." Nikamwambia ndugu yangu hawezi kungojea Leta, hiyo serikali yetu, imtafutie jina la mji ndipo nimsalimie. Akapiga muhuri, lakini upande usio na stempu. Hao ndio tuliowapa uhuru wetu watuchungie.

Usifikiri nawasifu Wabelgiji. Nilibeba siagi kichwani kutoka juu hadi Uvira miaka mitano kabla sijanunua kinga, ile baiskeli yangu, na hakuna mzungu aliyenisukuma kwenye mlima. Duka hili nililijenga tofali kwa tofali. Ila nilidhani uhuru utakuwa barabara. Kutoka hapa hadi Luberizi leo kuna bariere nne za askari. Ya kwanza wanataka kitambulisho. Ya pili wanasema kitambulisho hicho ni cha zamani. Ya tatu hawajui kusoma, wanataka sabuni. Ya nne wanauliza kwa nini nimekuja bila matabishi, kitu cha kuwatia mkononi, kana kwamba tulikuwa na miadi. Chumvi inayofika Luberizi baada ya hapo, ni nani ataweza kuinunua?

Na duka lilipovunjwa mwaka 64, lilivunjwa mara mbili, na waasi kwanza, kisha na askari waliokuja kuwafukuza. Wanagombana juu ya kila jambo katika nchi hii, lakini wote walipenda petroli yangu. Watu wa siasa wakinieleza tofauti zao sasa, nasikiliza kwa adabu, halafu nafunga mlango.

Ziwa limeanza kushuka kidogo. Unakumbuka lilivyopanda mwaka ule ule, likakaa ndani ya nyumba za pwani kama mgeni asiyeaga? Wahubiri walisema ni dhambi zetu. Mimi husema mlango wa ziwa ni mto wa Lukuga, na Lukuga iko kwenu, basi weye ndiye uliyetufungia. Nilimwambia Gloriose hivyo, akacheka, kisha akasema, "Baba angekuwa karibu na mlango kiasi hicho, angekwisha kutoka aje."

Nyumba imekuwa kubwa, Pierre. Tangu Generose wangu afariki Bujumbura tulipokimbilia, naamka na kusema neno kwa upande wake wa kitanda kabla sijakumbuka. Siku za ibada nakaa benchi ileile, na nafasi yake kando yangu hakuna anayeikalia. Wanafanya hivyo kwa heshima. Ningependa mtu mmoja asiye na heshima aje akae.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Unamjua Marcellin, yule Mfuliiru wa Luberizi mwenye mashamba ya mupunga, niliyekuwa namuuzia siagi. Mwezi wa nne, aliposikia tumebaki mikono mitupu, alikuja kwa miguu, amekokota ng'ombe mmoja, wa rangi ya kahawa, mwenye pembe fupi. Alinishumbusha, kama tunavyofanya sisi: mtu akipoteza ng'ombe, rafiki anampa mmoja, zizi lisife. Hata kati ya watu wetu wengi walisahau kunifanyia hilo. Yeye mtu wa bonde hakusahau.

Ila alikosa kitu kimoja. Kwetu anayetoa husema mbele ya watu huyu ni ng'ombe wa nini, ndipo kamba ipite mkono kwa mkono. Marcellin aliniwekea kamba mkononi akasema tu, "Kamua, ndugu, unywe." Kwa watu wa bonde hilo linatosha. Na mimi nilipokea kamba, sikumwambia aseme zaidi. Kimanga nzima ilikuwa barabarani, inaangalia.

Mwezi huu mtoto wake, Antoine, ameomba kumuoa Gloriose. Kijana ni fundi wa mashine za kukoboa mupunga, hanywi, anasalimia wakubwa kwanza. Gloriose amemkubali. Nilimuuliza mara tatu, kila mara kwa sauti nyingine, na mara ya tatu aliniambia, "Baba mukubwa, ukiuliza tena nitasema hapana ili upumzike."

Lakini sasa jirani yangu Sidonie, muuza dagaa, amewaambia watu wote kwamba mahari ililiwa zamani, kwamba yule wa kahawa ndiye ng'ombe wa Gloriose. Kila asubuhi ananiita juu ya ukuta: "Hyacinthe, chai ya leo iko na maziwa ya bibi harusi?" Wanacheka hadi mtaa wa Songo. Ndugu yangu, mmoja na mmoja ni wawili, popote isipokuwa Kimanga, ambako ni mmoja.

Nilishuka Luberizi kumuuliza Marcellin mwenyewe. Alikuwa ndani ya maji ya mupunga, hakutoka. Alisema, "Yule nilikupa juu ya machozi yako. Wa Gloriose atakuja na miguu yake. Sasa niambie: nitampa nani kamba?"

Hapo ndipo nilikwama. Mimi siwezi. Mkono uliopokea wa machozi ukipokea na wa mahari, kutoka nyumba ileile, hakuna atakayewatenganisha tena. Mtoto ataingia kwa watu akiitwa aliyelipwa kwa maziwa. Wazee wetu waliobaki wamesema vivyo hivyo: ashike baba yake, ao baba atume fimbo yake na neno lake, lisomwe mbele ya watu. Na Gloriose mwenyewe amesema hataolewa mbele ya baba wa kuazima, ilhali wake yuko hai. Aliniomba msamaha kwa neno hilo. Nilimwambia si kosa, nikaenda kupanga chumvi iliyokwisha kupangwa.

Nikuambie na hili, ili usije kulisikia kwa mwingine. Ukinyamaza, faida ni yangu. Marcellin atahesabu kimya chako kuwa umekataa, Antoine ataoa kwingine, na Gloriose atabaki hapa, ataendelea kunipikia na kunicheka, na sitakula peke yangu. Nimelipima jambo hilo usiku na mchana, na mizani inaniinamia. Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka, kabla sijaanza kukutakia kimya.

Akusalimu Gloriose, mtoto wako, aliyekataa nimwandikie neno lake. Anasema atalisema mwenyewe. Akusalimu shangazi yetu Nyiransengimana, ambaye haoni tena lakini anakujua kwa jina. Marcellin pia. Nisalimie walio nawe, kama uko na watu. Mungu aliyewatunza wachungaji gizani akutunze huko reli inakokupeleka, akurudishie nguvu za kifua.

Meli inayotoka kwenu itafunga gati Kalundu Jumamosi tarehe 17 Desemba. Nitakuwa bandarini tangu asubuhi. Sitaki pole, sitaki habari za mvua, wala "tutaona". Nataka weye mwenyewe ushuke, ao fimbo yako na karatasi yenye jina lako. Pierre, wewe ni baba wa Gloriose: unakuja kushika kamba, ndiyo ao hapana?

Kaka yako, anayekupenda hata usipojibu,

Munyaneza Hyacinthe