Mdahalo Nilioushinda Nyamwaga

Nyamwaga,
Jumapili, 22 Juni 2025

Kaka Steven,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Leonida na watoto, na kwamba homa ya Sarah uliyonieleza imekwisha kabisa. Najua huko Ikoma huu ni msimu wa wageni na unashinda barabarani na gari la hoteli. Kula vizuri, kaka, usiishi kwa chai na mandazi tu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua alfajiri, lakini jua likipanda kidogo utamkuta shambani kabla yangu. Mahindi tumevuna si haba, na ndizi zipo mpaka tunagawia majirani.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kukupigia simu. Nilipiga mara mbili. Mara ya kwanza mtandao ulikata, mara ya pili ulipokea ukiwa unacheka, nikakosa nguvu, nikakuuliza habari za mvua. Tena nakujua, ungenikatiza katikati. Barua haikatizwi. Nakuomba uisome yote, ukitaka kukasirika ukasirike ukishaufikia mwisho.

Tarehe tano, Siku ya Mazingira, kulifanyika mdahalo hapa shuleni kwetu. Haukuwa wa wanafunzi, ulikuwa wa watu wazima. Bwana Vincent, mwalimu mkuu wetu, aliandaa hoja na kuibandika mlangoni: mataifa tajiri ndiyo yabebe lawama yote ya mabadiliko ya tabianchi na uchafuzi wa mazingira. Nilidhani watakuja watu kumi, lakini ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama madirishani. Unajua mvua zilivyotutesa mwaka huu. Zilichelewa mwezi mzima, kisha zikaja kwa hasira na kusomba mbegu za watu. Kila mtu alitaka kumjua wa kumlaumu.

Mimi nilipangwa kutetea hoja. Wa kuipinga alikuwa mzee Mogesi. Najua hapo umekunja uso.

Acha nilieleze jambo lenyewe lote, ingawa unalijua. Miaka kumi na miwili iliyopita, ulipokuwa kwenye mafunzo, ile mikuyu mitatu ya chemchemi yetu ya Werema ambayo marehemu baba alitukataza kuigusa ilikatwa. Uliporudi ukakuta visiki. Shamba la Mogesi linapakana na chemchemi, na mkokoteni wake ulikuwa umeonekana ukibeba magogo. Yeye alisema ni mikaratusi yake mwenyewe. Ukampeleka kwenye baraza la ritongo, na wazee wa ukoo wakamwamuru akulipe ng'ombe. Akalipa bila kukiri. Tangu hapo hamjasalimiana, na watu wakamwita Mogesi Shoka.

Basi nikaanza mimi. Kaka, nilizungumza vizuri, sikufichi. Nilisema wenzetu wamechoma makaa ya mawe miaka mia mbili na zaidi, wakajenga viwanda, reli na miji yao, na moshi ule haujaondoka, bado uko juu yetu. Nilisema Mmarekani mmoja anachoma kwa mwezi mmoja zaidi ya familia nzima ya hapa kwa mwaka. Nikauliza ni nani Nyamwaga mwenye kiwanda, ni nani mwenye ndege. Nikasema wao walikula karamu, na sisi tunaambiwa tuoshe sufuria. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Mzee Mogesi akasimama taratibu, kofia mkononi. Alikubali kwamba niliyosema yote ni kweli, na kwamba tunayadai mataifa yale msamaha na fidia. Lakini akasema neno "yote" kwenye hoja ndilo linalomkera. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe amechoma nyasi kila kiangazi ili ng'ombe wapate majani mabichi, na moto ulimponyoka mara mbili ukala msitu wa mlimani. Akasema kule machimboni vijana wetu wanaosha dhahabu kwa zebaki na kumwaga maji yake kijitoni, na hakuna Mzungu anayewashika mkono. Akasema moshi ukivuka pale mpakani Sirari haukaguliwi, hauulizwi unatoka Kenya au Uchina. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyatamka: "Mkubwa abebe mzigo mkubwa, mdogo abebe mdogo. Ila asiwepo wa kutembea mikono mitupu. Mimi najua uzito wa kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine peke yangu. Sitaki kumfanyia hivyo hata Mzungu."

Niliona vichwa vya akina mama vikitikisika kukubali, nikajua nimeshindwa.

Nilikuwa na dakika mbili za kufunga. Kaka, sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nilisimama, nikasema tusishangae mzee wetu kuwatetea wachafuzi wa dunia, kwa maana yeye na miti wana historia yao, na chemchemi ya Werema ni shahidi. Watu walicheka mpaka wakapiga madawati. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Shoka!" Mzee Mogesi alivaa kofia yake, akaketi. Kura zikapigwa, nikashinda kwa mbali. Nikapewa jiko banifu na kanga mbili.

Kanga zile sikuweza kuzivaa. Siku mbili nilisahihisha madaftari bila kuona ninachosoma. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mzee Mogesi. Nilimkuta akikamua. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa kama vile hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikapiga magoti pale kwenye mavi ya ng'ombe, nikamwambia lile ambalo sasa nakuambia wewe.

Kaka, mikuyu ile niliikata mimi.

Sikushika shoka, lakini ni mimi. Unakumbuka nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi nyumbani kutoka kwenye ile ndoa, na mama alikuwa analala kwenye nyumba ya udongo inayovuja. Nilimpata Jilala, yule fundi matofali Msukuma aliyekuja akipita kwenda kuchimba dhahabu Kerende. Matofali yalikuwa yamekauka, mvua inakaribia, na kuni hakuna. Akaniuliza ile miti ya bondeni ni ya nani. Nikamwambia ni yetu, aichukue. Akaikata kwa siku mbili, mchana kweupe, wakati watu wako kwenye msiba ng'ambo ya mlima. Matofali yakaiva, Jilala akaondoka. Nilikusudia kukuambia ukirudi. Lakini ulirudi tayari umeambiwa kuhusu mkokoteni, ukiwa na hasira ambayo sijawahi kuiona, nikaogopa. Siku ya ritongo nilikuwa nimekaa na akina mama. Nilisikia hukumu ikitolewa, nikaangalia chini. Chemchemi ikapungua mwaka baada ya mwaka, na kila ndoo niliyosubiri ijae nilijua ni kazi ya mkono wangu.

Mzee Mogesi alisikiliza mpaka nikamaliza. Hakunigombeza. Aliendelea kukamua hadi kibuyu kikajaa, ndipo akaniambia ninyanyuke, nisimchafulie zizi kwa machozi. Akasema alikuwa akinishuku, lakini hakuwa na ushahidi, na mtu aliyeonewa bila ushahidi hataki kumwonea mwingine vilevile. Alitaka mambo mawili tu: arudishiwe ng'ombe wake, na niyaseme maneno hayo mbele ya watu walewale waliomcheka.

Nikampelekea yule mtamba wangu mwekundu. Usidhani alikataa kwa upole! Alimfungua mdomo akahesabu meno, akampapasa kiwele, akamzungusha mara mbili, ndipo akampokea. Na jana, kwenye mkutano wa kijiji, nilisimama nikasema yote. Wako walioguna, na mama mmoja alinitemea maneno makali ambayo nilistahili. Bwana Vincent akasema anayefundisha watoto kukiri makosa sharti aanze yeye, na Jumatatu niwahi kipindi cha kwanza. Jiko nililoshinda nilimkabidhi mzee palepale. Akasema mke wake atalipenda, ila kanga nibaki nazo, yeye hazimkai.

Kuhusu mama, usihangaike. Nilipomwambia aliendelea kukoroga ugali. Akausonga vizuri, akauepua, ndipo akaniambia amejua miaka yote, kwa sababu tanuru la matofali haliivi kwa mabua ya mahindi. Akasema alinyamaza kwa kuwa nyumba haivuji. Tukala, na nilikula kuliko siku nyingi.

Naam, kaka, nina raha. Naona haya njiani, lakini usingizi wangu umenirudia. Mzee Mogesi siku hizi akipita karibu na uwanja wa shule ananiita "Ulaya", yaani mwenye mzigo mkubwa, na watoto hawaelewi kwa nini tunacheka.

Limebaki moja, nalo ni lako. Siku nampelekea mtamba, mzee aliniuliza kwa utani ambao haukuwa utani wote: "Ng'ombe umerudisha, binti Werema. Je, maziwa ya miaka kumi na miwili aliyanywa nani?" Njiani nilikumbuka. Ng'ombe yule aliyekulipa alizaa kwenye zizi lako mara tatu. Ndama wake wawili walikuwemo kwenye mahari ya wifi Leonida. Wewe hukukata mti, wala hukujua. Lakini ulimshitaki asiye na kosa, na ng'ombe wake ndiye aliyekuolea. Mzigo mkubwa ni wangu, sibishi. Huo mdogo siwezi kukubebea.

Nilimuuliza mzee anataka nini kutoka kwako. Akasema hataki mnyama mwingine, majani ni machache. Anataka uje mwenyewe, mlangoni kwake, umwamkie kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Nimemwambia utakuja. Usinifanye mwongo mara ya pili.

Mbusu Sarah na wadogo zake kwa ajili yangu. Wifi Leonida mpe heshima zangu zote, na umsomee barua hii, maana naye ana haki ya kujua. Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unavaa lile sweta alilokufumia. Mungu akulinde barabarani.

Dada yako anayekupenda, na ambaye leo hana cha kukuficha,

Ghati Werema