Sevisi ya Miaka Mitano

Al Jaddaf, Dubai
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu kwa simu nikisema shikamoo unauliza, "Nani?", na nikisema Shabani unanijibu kwamba Shabani hayupo, yuko Dubai. Mara ya mwisho dada Mwanaidi alicheka mpaka akakunyang'anya simu. Masikio yako yameliwa na nyundo na injini za watu miaka arobaini, wala siyalaumu. Lakini dada anasema gazeti bado unalisoma bila miwani, basi na hii isome mwenyewe, usimpe yeye akusomee. Anayeileta ni mtu wa Muheza tunayesali naye hapa mtaani, anakuja likizo.

Goti lako linasemaje? Na presha ya Mama? Mwanaidi aliniambia bati la gereji limetoboka upande wa shimo la kukagulia magari na kwamba umepanda mwenyewe kuliziba. Baba, ngazi ile niliiacha imelegea miaka minane iliyopita. Usiipande tena, tafadhali.

Mimi ni mzima. Joto limeanza, lile la kushika kitasa cha mlango wa gari ukakiachia. Kazini hawajambo. Nyumbani, yaani chumbani, sina wa kukuambia hajambo, niko peke yangu.

Nilikwambia kwa simu kwamba nimenunua gari, sijui kama ulisikia. Ni gari dogo jeupe, si jipya, mwenyewe wa kwanza alilitumia miaka miwili tu, na nimelinunua kwa kampuni ileile inayoyauza mapya. Si kwa ajili ya kujionyesha. Tangu wanifanye msimamizi wa ghala, mara mbili kwa wiki natoka ofisini kwetu karibu na uwanja wa ndege naenda ghala letu la Dubai Investments Park, huko mwisho wa mji, na mabasi yalikuwa yananimaliza.

Sasa mwezi uliopita ukafika wakati wa kubadilisha oili. Mtoto wa Fundi Omari atampa nani gari lake ambadilishie oili? Nilinunua oili, nikanunua filta, nikatafuta beseni, na Jumamosi asubuhi nikashuka maegesho ya chini ya jengo letu na jeki yangu. Nikatandika boksi, nikaingia chini ya gari. Baba, nilisikia raha. Ile harufu tu. Nililala pale bila kufanya kitu, nikiitazama nati ya oili, mpaka nikaona viatu vyeusi vimesimama karibu na kichwa changu.

Alikuwa Okello, mlinzi wetu, Mganda, mtu mpole sana.

"Bwana Shabani, hii hapana," alisema. "Kamera inaona. Mafuta ikimwagika hapa, mimi ndiyo wananifukuza."

"Nimeweka beseni."

"Hata uweke beseni kumi. Yalla, toka, tafadhali. Peleka kwa wenyewe."

Nikatoka. Alinisaidia kukunja boksi, akaniomba radhi mara mbili, na bado nilimkasirikia mpaka jioni.

Basi nikalipeleka kwa wenyewe. Hapo ndipo utakapocheka, kwa hiyo jitayarishe. Nilikwenda na oili yangu na filta yangu kwenye mfuko wa plastiki, kama mteja yeyote anayekuja kwetu Ngamiani, maana wewe mteja wa mikono mitupu unamtuma kwanza dukani akalete spea. Na nikabeba soda mbili za mafundi.

Kwenye meza ya sevisi alikuwepo dada mmoja Mkenya, anaitwa Njeri. Alianza kwa Kiingereza, aliponisikia tu akageuza.

"Kaka, hii oil umebeba ya nini?"

"Ya gari."

"Gari gani?"

"Hili nililoleta."

Akaziba mdomo kwa mkono. "Hapa hatuwekangi oil ya mtu. Ukiweka yako, warranty imeenda. Hebu rudisha kwa boot. Na hizo soda?"

"Za mafundi."

"Hizo leta," alisema, akazichukua.

Nikamwuliza fundi wangu ni nani, na nikae wapi nimwone. Akanionyesha makochi, na mashine ya kahawa, na ukuta mzima wa kioo. Ukitaka kuona, unaona kupitia kioo. Gari langu lilikuwa la tatu kutoka mwisho, limeinuliwa juu, na fundi aliyekuwa chini yake nilimwona mgongo tu. Nilikumbuka benchi lako kando ya shimo. Ulikuwa humruhusu mwenye gari kwenda kunywa chai. "Kaa hapa uone," unamwambia, na anakaa, hata awe mkubwa wa bandari. Wenzangu pale wote walikuwa wamekaa na simu zao. Mimi nilisimama kwenye kioo muda wote mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama nimepotea.

Walipomaliza nikaomba filta ya zamani. Njeri akauliza ya nini. Nikamwambia kwetu mwenye gari hurudishiwa kilichotolewa, akione kwa macho yake. Hakucheka safari hii. Alikwenda mwenyewe ndani, akaniletea imewekwa kwenye boksi la ile mpya.

Ndipo akanitolea karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Wana mpango wa kulipia sevisi mapema, Baba. Unalipa leo, kwa mkupuo, sevisi zote za miaka inayokuja. Kuna wa miaka miwili na kuna wa miaka mitano au kilomita elfu hamsini, kinachotangulia kufika. Wanabadilisha oili, filta, wanakagua. Matairi hayamo, pedi za breki hazimo, wala betri haimo, na betri ndiyo inayokufa kwa joto la huku. Ule wa mitano ukiugawa kwa sevisi moja moja ni nafuu zaidi, na bei yao ikipanda wewe haikuhusu. Lakini ukiondoka nchini hawakurudishii kitu. Mpango unabaki na gari, anaufaidi atakayelinunua.

Najua ungesema nini. Wewe hujawahi kupokea malipo ya kazi kabla injini haijawaka, na mtu aliyetaka kukulipa mapema ulimwona ana lake jambo. Nikamwambia Njeri hivyo hivyo, kwamba baba yangu ni fundi na angewafukuza.

"Baba yako ako hapa?"

"Hayupo."

"Basi tuhesabu ya kwako. Unaendeshanga sana?"

"Kiasi."

"Weekend?"

Baba, nilidanganya. Nilisema wikendi naenda Sharjah kwa ndugu zangu, tunapika, watoto wananisumbua. Sijui watoto wale niliwatoa wapi. Njeri akabonyeza kompyuta, kisha akanigeuzia kioo cha ile kompyuta nione. Kilomita za siku niliyochukua gari na kilomita za siku ile zilikuwa zimepangwa juu na chini.

"Kaka, hizi ni za job na kurudi tu," alisema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Sharjah hujafika na hii gari."

Nikalisogeza kwangu lile boksi la filta.

"Si ubaya. Hata mimi mwaka wa kwanza nilikuwa hivyo."

"Wangu ni wa nane," nikamwambia.

Akarudisha kompyuta ilivyokuwa. "Kwa kilomita kidogo hivi, hautafikisha hamsini kabla miaka iishe. Utakula sevisi zote tano. Ni mzuri kwako kuliko kwa wengi," alisema. "Kama utakuwa hapa. Utakuwa hapa, ama unarudi home?"

Nikasema nitafikiri. Akasema bei ile ni mpaka Alhamisi.

Siku zile zote mpaka Alhamisi nilikuwa na karatasi ile mfukoni. Kazini nilihesabu, nikahesabu tena, na kila nikihesabu jibu ni lilelile, mpango unalipa. Tatizo halikuwa hesabu. Jioni moja nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikatazama vitu vyangu. Dirishani nimebandika gazeti, pazia sina, kwa sababu nilipofika nilisema nisinunue pazia, naondoka mwakani. Godoro ni lile jembamba aliloniachia Mfilipino aliyehama chumba hiki. Nina sahani moja ya plastiki na sufuria moja, na zote zimepauka. Miaka minane Baba, nimeishi kama mtu anayesubiri gari lake limalizwe. Sikualika mtu kwa kuwa sina mahali pa kumkalisha, na sikutafuta pa kumkalisha kwa kuwa naondoka. Ndiyo maana kilomita zangu ni zile.

Nikawaza na wewe. Mwanaidi ameniambia kila mwanzo wa mwezi unafungua gereji, unashusha spana zote ukutani, unazipaka oili zisishike kutu, unazirudisha, unafunga. Ameniambia Bakari amekuja mara tatu kuomba umpangishe, Bakari tuliyejifunza naye shimo moja, mwenye mke na watoto, anayetengeneza magari ya watu chini ya turubai barabarani, na kila mara unamjibu, "Mpaka Shabani aseme."

Shabani alishasema, Baba. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kila ukipiga simu unauliza unarudi lini. Mwanzo nilikuwa najibu mwakani inshallah, na nilikuwa namaanisha. Baadaye nikawa najibu mwakani bila kumaanisha. Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, uliponiuliza, nilichoka. Nikakujibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sijui, Baba. Nadhani sirudi." Nikasubiri. Nawe ukasema, "Haya, vizuri mwanangu, tunakusubiri."

Hukusikia, na mimi nilishukuru kwamba hukusikia. Hilo ndilo limeniumiza zaidi ya yote, kwamba nilishukuru.

Jana, Alhamisi, nilitoka kazini mapema nikaenda. Njeri aliponiona akachukua fomu zote mbili, ya miwili na ya mitano, akaziweka mezani bila kuuliza. Ya miwili ni sawasawa na muda wa viza yangu, na mkono wangu ulikwenda huko wenyewe, kama ulivyolipokea lile godoro. Nikaurudisha. Nikasaini ya mitano.

"Khalas, tumemaliza?" akauliza.

"Khalas."

Usidhani nilitoka na furaha. Nilikaa garini mle maegeshoni, AC inawaka, nikalia, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Mimi si fundi tena, Baba. Chini ya jengo letu siku ile nilisikia raha, lakini nilipoitazama injini ile kwa juu sikujua nusu ya vilivyomo. Mikono yangu imekuwa laini. Nikirudi leo nitakuwa mtu wa kukaa benchini kumwangalia Bakari. Na mshahara wa huku ndio dawa za Mama, sote tunajua ingawa hatusemi. Lakini nisijifiche nyuma ya Mama. Ukweli ni kwamba nikijaribu kuiona siku ya kurudi, siioni, na sijaiona muda mrefu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, kwa mkono wangu. Mpe Bakari funguo. Mpe na spana zote, hata zile zenye utepe mwekundu ulizoandika jina langu, aubandue utepe. Zifanye kazi. Usizipake oili tena kwa ajili yangu. Kama utakasirika, kasirika, una haki. Nitakuja likizo mwezi wa kumi na mbili, hiyo ni ahadi na tiketi nitaikata wiki hii, nami nitakaa benchini hapo uninyamazie kadiri utakavyo.

Filta ile ya zamani nimeikata kwa msumeno jana hiyohiyo, nikaikunjua karatasi yake nikaisogeza kwenye mwanga, kama ulivyonifundisha. Haina hata chembe ya chuma, injini ni nzima. Nilitaka kumwonyesha mtu, nikashuka nayo chini kwa Okello. Aliigeuza, akaniuliza ni nini, nikamweleza kwa urefu, naye akasikiliza mpaka mwisho. Nikamkaribisha chakula Jumapili, akasema atakuja baada ya kanisa. Leo nimenunua sahani mbili za udongo, na pazia.

Mpe Mama salamu, mwambie nakula. Dada yangu Mwanaidi asikunyang'anye tena simu. Shangazi Zaina wa Chumbageni, aliyenifungashia bagia siku naondoka, mwambie sijazisahau. Na Bakari, ndugu yangu wa shimoni, mwambie ngazi imelegea, aanze na hiyo.

Ni mimi mwanao,
Shabani Omari

Baba, ukipiga simu, usiniulize tena narudi lini. Niulize gari linaendeleaje. Hilo nitakujibu kwa urefu, na hata usiposikia nitaendelea kusema.