Vikombe Ambavyo Shangazi Hakuviandika

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naomba msaada na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, nina miaka kumi na sita na hata darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua hunyamaza. Naishi na shangazi, mwandishi wa riwaya za upelelezi zinazouzwa kama njugu, kila kitabu maiti sita kabla ya ukurasa wa mia. Yeye huandika Kiswahili, na kwa kuwa mimi nimesomeshwa kwa lugha mbili akanipa riwaya yake mpya niitafsiri kwa Kiingereza, akasema, "Wewe ndiye ulimi wangu wa pili, mwanangu, sikukagui."

Sasa sikia nilichofanya. Sura ya kumi na tisa mama mmoja fundi cherehani anauawa, shangazi kamaliza kwa mistari miwili, mpelelezi anaruka maiti na kumkimbiza muuaji. Mimi nikamwonea huruma yule mama, nikamsimamisha mpelelezi, nikamwingiza jikoni aoshe vikombe viwili alivyoviacha marehemu huku akijiuliza cha pili kilikuwa cha nani, kurasa nne nzima, nikaituma tafsiri kwa mchapishaji, na sikumwambia mtu.

Jumatatu iliyopita mchapishaji, aliyesoma tafsiri tu, akapiga simu, shangazi akaiweka kwenye spika. "Dada, miaka ishirini umetuandikia risasi, leo umetuandikia mtu! Umekua! Vile vikombe vimeniliza ofisini!"

Nilikuwa napiga pasi, nikaunguza sketi. Halafu, Mshauri, nikamsikia shangazi kwa masikio yangu haya: "Aa, vile vikombe! Vilinitoa jasho, ndugu yangu."

Vikombe gani, na yeye hajaviandika? Alipokata simu akanitazama, akasema tu, "Sketi inaungua." Tangu hapo anaanza kitabu kipya, anachana, anaanza, anachana. Jumamosi atawasomea watu sura hiyo, Jumatatu ijayo kitabu kinakwenda mtamboni. Nikisema namvunja, nikinyamaza nitamtazamaje?

Mwenye Haya

MSHAURI ANAJIBU

Binti, barua yako nimeimalizia nimesimama! Tuanze na lako. Mtafsiri hubeba mzigo wa mtu, hafungui akatia vyake, hata viwe vya dhahabu. Na usijifiche nyuma ya haya: umeshindwa kusema "nimeongeza", ukaweza kurasa nne?

Shangazi naye ashukuru sina namba yake. Mtu mzima mwenye jina lake anaitikia sifa asizojua zimetoka wapi! Ila usimhukumu upesi. Miaka ishirini anauza, na hakuna aliyewahi kumwambia amekua. Neno hilo lina njaa yake. Halafu anajua, mwanangu. Nyumbani mko wawili, unadhani anamshuku paka? Zile karatasi anazichana kwa kuwa anatafuta kuandika ulivyoandika wewe, na hajui pa kuanzia.

Basi leo, si kesho, chukua sura zote mbili, yake na yako, ukae naye. Omba radhi kwanza. Kisha msomee kurasa zako kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho, hata sauti ikikwama. Halafu funga mdomo. Kuzifuta au kuziacha ni juu yake, kitabu ni chake. Akiziacha, mchapishaji aambiwe kabla ya Jumamosi, tena na shangazi mwenyewe. Akifoka, mwache afoke. Akikunyang'anya kazi, kubali, umeyataka.

Lakini akikuuliza, "Una nyingine?" ole wako useme huna.