Bakuli Lako Limebaki Huku

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na jogoo wa jirani ameacha kukuamsha kabla ya muadhini. Nami ni mzima, isipokuwa kiuno, ambacho nitakifikia.

Kabla ya lolote, na kwa taadhima inayostahili jambo zito, nasimama mbele yako na mbele ya ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, kutangaza kwamba bakuli lako la bati, lile la maua mekundu ulilopewa siku ya harusi yako, halitarudi nami. Halikutoboka wala halikuibwa. Limezuiliwa. Keti, unywe maji, usome taratibu, maana habari ya bakuli ndiyo habari yenyewe.

Safari ilikuwa njema. Blanketi ulilonipa la njiani sikulifungua. Nilisinzia kidogo, kondakta akaniamsha akisema mzee tumefika, nikadhani ananitania. Chakula ulichonifungia kilikuwa bado kina joto mapajani. Chumba ulichonilipia siku tatu, kwa kuamini hakuna binadamu anayekuja huku akarudi bila kulala, ni kisafi, kina dirisha linalotazama ukuta, na kitanda nadhani kilitengenezwa na mtu mwenye ugomvi na migongo ya wenzake. Hicho ndicho kiuno.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonituma. Ulisema nimtazame huyu kijana anayemposa binti yetu, mwenyewe asijue, ili Ijumaa uwe na la kuwajibu washenga wake. Ukanipa mambo matatu ya kutazama. Je, anaswali, au anawapeleka wengine tu kuswali? Je, ni mpole hata pasipokuwa na sababu ya kuwa mpole? Je, macho yake yanakaa pale yalipowekwa? La nne hukulisema, lakini nililisikia vizuri kuliko hayo matatu.

Kwa kuwa kazi yake ni kutembeza wageni, nami nikawa mgeni. Ubaoni wameandika Ziara ya Siku Moja, Utamaduni kwa Njia ya Halali. Tulikuwa wachache ndani ya kibasi: mabinti wawili wa chuo waliojipiga picha hata na tairi, mume na mke waliostaafu, na mama mmoja wa makamo, mnene, wa heshima zake, aliyeshika mwavuli mweusi ambao hakuufungua siku nzima, si jua lilipotuchoma wala manyunyu yalipotupata. Huyo nilimpa jina la Bi Mwavuli. Yule mume nikamwita Bwana Swali, kwa sababu hata hatujang'oa nanga ya kibasi alishauliza kama mafuta yaliyopakwa ngozi ya viti vile hayana nguruwe ndani yake. Mkewe akamwambia aulize akishuka, asije akaambiwa jibu tukabaki tumesimama.

Kila mmoja alitakiwa kujitambulisha. Nikasema mimi ni mstaafu wa bima. Bima sijui ni mnyama gani hasa, lakini nimewahi kuwanyoa watu wawili wa bima, na wote walizungumza bila kumaliza sentensi, nikaona nitaweza.

Unajua mimi mtu humtazama kisogoni kwanza. Uso mwenyewe huutayarisha, kisogo hukisahau. Kijana aliketi mbele karibu na dereva, nikapata nafasi ya kutosha. Shingo safi, kola imepigwa pasi, lakini mstari wa nywele umepinda upande wa kushoto kama njia ya mbuzi. Aliyemnyoa anastahili kushtakiwa. Nikaweka moyoni: kasoro ya kwanza. Nikafurahi, na furaha ile ikanishangaza kidogo.

Asubuhi tulitembezwa msikiti wa zamani wa mawe, kisha kwa wafumaji wa mikeka. Anaeleza vizuri. Lililo na ushahidi analisema, lisilo na ushahidi anasema watu husema hivi. Tukafika pwani ya wanawake, iliyozungushiwa maturubai marefu, nyuma ya hoteli kubwa kubwa zenye viti vya kulalia juani. Wanawake walipoingia kujimwagia maji, alitukalisha sisi wanaume upande wa barabara, naye akasimama ameipa pwani mgongo, mikoba yao yote begani kama kitundikio cha nguo. Bwana Swali akamwuliza haoni haya. Akasema mikoba haina haya, na yeye ndiye aliyetumwa kuishika. Macho nikayatazama sana, dada. Yalikuwa barabarani, yakihesabu pikipiki. Adhuhuri akaswali nasi, mstari wa nyuma, bila kuchungulia saa.

Kila tulipotembea Bi Mwavuli alikuwa ubavuni pangu. Akiniuliza. Nina ndugu wangapi. Je, katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa kurithi. Je, dada zangu wanapatana na mawifi. Je, mimi nikikasirika navunja vyombo au nanyamaza. Nikajibu kama mtu wa bima, nusu nusu. Yeye akawa anatikisa kichwa polepole kama anayepima samli. Tangu mke wangu atangulie hakuna mwanamke aliyetaka kujua kama navunja vyombo. Nitakwambia ukweli: kibasi kiliposimama, nilijitazama kwenye kioo cha dirisha nikaweka kofia sawa.

Mchana tulipelekwa kwenye mgahawa unaotazama maji, meza yetu imeshaandaliwa. Tumeketi, harufu imetufikia, ndipo Bwana Swali akauliza kuku wale wamechinjwa na nani. Kijana akaingia jikoni. Tukasikia sauti ya mpishi ikipanda ngazi. Aliporudi alieleza kwamba siku zote mgahawa huchukua kuku kwa mtu anayemjua yeye, lakini wiki hii wamechukua kwingine, na hata mpishi hana hakika. Mpishi akatoka na mwiko mkononi akasema kuku ni kuku. Mke wa Bwana Swali akasema basi tupige bismillahi tule, njaa nayo ina sheria zake. Kijana angetikisa kichwa tu, dada, sote tungekula tukamshukuru Mungu. Hakuna ambaye angejua. Akasema:

“Sijui walikotoka. Nisichokijua siwalishi watu.”

Akaomba radhi mara moja, si mara tatu, akatutoa nje.

Tukajipanga juu ya ukuta wa pwani kama kunguru. Mabinti wamenuna. Mke wa Bwana Swali akamgeukia mumewe kwa upole wa kutisha. “Umeuliza mpaka umetunyima chakula. Haya, uliza sasa tutakula nini.”

Hapo ndipo bakuli lako lilipoingia kwenye historia. Nilikuwa nalo kwenye mfuko tangu asubuhi, kwa kuwa uliniapisha nisile cha watu. Nikafungua kitambaa. Kuku wawili wazima, mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chumvi uliyoifunga kwenye kikaratasi, kana kwamba huku chumvi haijafika. Tukala sote na dereva wetu, na kikabaki. Bwana Swali, kuku akiwa tayari mkononi, aliuliza nani amemchinja. Nikasema mimi. Akauliza kisu kilikuwa kikali. Nusura nimwambie kuwa mimi nanoa chuma kila siku ya Mungu kwa ajili ya ndevu za watu, nikakumbuka niko kwenye bima. Nikasema kilikuwa kikali kiasi.

Kijana alikula wa mwisho, kipande cha mkate na bawa. Alilitazama bakuli kwa muda, akanisogelea akasema taratibu, wengine wasisikie:

“Mzee wangu, aliyekufungia hiki anadhani kwetu ni mwisho wa dunia.”

Nikamwambia ni dada yangu, ni mtu wa tahadhari. Akasema ana haki, angekuwa yeye angefunga na godoro. Bi Mwavuli, aliyekuwa na paja la kuku na sikio refu, akasema dada huyo ana mkono wa mapishi, akauliza kama ana hasira pia. Nikasema anayo, lakini haikai usiku.

Alasiri wenzangu waliingia dukani kununua makombe ya baharini yaliyopakwa rangi. Nikarudi kwenye kibasi kuchukua miwani. Kijana alikuwa upande wa pili, peke yake, mbele ya kioo cha pembeni, anasema na kioo. Nikasimama nyuma ya nguzo, si kwa ujanja, kwa mshangao. Alikuwa anafanya mazoezi ya mzaha. Mzaha wenyewe ni wa mlinzi wa mnara wa taa, kituo chetu cha mwisho. Akasema, mlinzi huyu alikuwa anasahau kuwasha taa, meli zikawa zinapotea, halafu akaoa, ikawa anayepotea ni yeye. Akajitazama. Akatikisa kichwa, akasema hapana. Akaanza tena kutoka juu, akabadilisha mwisho, akajaribu na mikono, akajaribu bila mikono. Kisogo chake chote nilikiona, na mstari wake uliopinda, na jasho.

Tulipofika mnarani akausema kana kwamba umemjia sasa hivi. Alikuwa anasahau kuwasha taa, meli zikawa zinapotea. Halafu akaoa, na tangu siku hiyo mnara haujazimika, maana kuna wa kumkumbusha. Watu wakacheka, mke wa Bwana Swali akampiga mumewe begani. Mimi nilicheka kuliko wote, nami ndiye pekee niliyekuwa nimeshausikia.

Jioni tukashuka stendi. Nilikuwa natafuta maneno ya kumuaga Bi Mwavuli, maneno ya maana, nimeshayapanga mawili matatu. Akanigusa bega kwa ncha ya mwavuli.

“Kinyozi,” akasema, “msalimie dada yako.”

Dada, huyu ni shangazi wa kijana. Binti yetu, yule unayesema hawezi kuficha neno, aliwaambia zamani kwamba mjomba atakuja, atajifanya mtu mwingine, nao watamtambua kwa kuwa atatazama vichwa badala ya majengo. Basi na wao wakamtuma shangazi atukague sisi. Wana hofu zao. Wamesikia kuwa mama wa msichana hataki, na mtoto wao ni mmoja, hawataki aende kuoa lawama. Nilimwuliza amenionaje. Akasema nimefaulu, kwa shida, ila niache kusema mambo ya bima. Kisha akalichukua bakuli mkononi mwangu. Akasema ataliosha, na atalileta mwenyewe siku atakapoitwa. Asipoitwa, atakuwa amepata bakuli zuri.

Nililala nalo hilo, kama mtu anaweza kulala juu ya kitanda kile. Ikiwa kijana alijua tangu asubuhi kwamba natazama, basi nimetazama nini? Mikoba, sala, kuku wa mgahawa, vyote huenda vilikuwa uso uliotayarishwa. Nikavitoa kimoja kimoja. Nikabaki na kile cha kwenye kioo, ambacho hajui nimekiona. Mtu aliyedhani yuko peke yake, akautupa mzaha uliokuwa tayari unachekesha, kwa sababu ulikuwa unamchekesha mtu kwa kumdharau mkewe. Akatoka jasho mpaka akapata mwingine. Sijui utaita nini. Mimi nimenyoa wanaume umri wangu wote, na wengi wao ule wa kwanza ungewatosha mpaka kaburini.

Sasa lile la nne. Hukunituma kujua kama ni mwema, dada. Ulinituma nikuletee tundu la kumvutia binti arudi ndani. Usikasirike, au kasirika kisha usikilize, maana nami nilikuja na nia hiyo hiyo. Akiondoka, wewe utabaki na nyumba na jogoo wa jirani. Mimi nitabaki bila mtu wa kupita dukani akitoka zamu hospitali, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akaniambia mjomba leo usiniulize kitu. Nilipoona ule mstari umepinda nilifurahi kama aliyeokota pesa. Siku nzima nimetafuta, na nimekosa cha kuongeza.

Ripoti yangu ndiyo hiyo. Anaswali, ni mpole, macho yanakaa yalipowekwa. Kasoro ni kichwa, na hiyo aliniomba tulipoagana stendi niiondoe mwenyewe leo. Nimebeba wembe, bila shaka. Jibu la Ijumaa ni lako. Ukisema hapana nitalisimamia mbele ya washenga bila kupepesa, kama nilivyosimamia mengine yako. Sitakuwa nimekubali, nitakuwa nimekusimamia.

Wasalimie majirani, na mwambie mwanafunzi wangu dukani asiguse mashine mpya. Mpe binti yetu salamu, umwambie mjomba wake amegundua kwamba ana mdomo. Jipake dawa ya goti hata kama haliumi. Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi, mstaafu wa bima

Nimesahau jambo dogo. Kile kivuko cha njia ya huku, alichokuwa akingojea marehemu baba kutwa nzima, hakipo tena, wameweka daraja. Barua hii nimempa kondakta wa basi lililoondoka huku leo saa moja asubuhi. Tazama saa iliyo ukutani kwako.